Saburi si Kulala Tuli

Mwenyezi Mungu aliuweka usiku ili mwanadamu apumzike. Mkulima atokaye shambani, mama aliyechota maji na kupika, mwalimu aliyesimama mbele ya watoto mchana kutwa, wote huingojea kwa furaha saa ile ya kujinyosha kitandani. Lakini katika parokia zetu wamo ndugu ambao huiogopa saa hiyo hiyo. Mchana wameiburura miguu yao kwa shida; jioni wamechoka kupita sisi sote; na mara walalapo, miguu ile ile iliyokataa kwenda mchana hukataa kutulia usiku. Juu ya watu hao twapenda kusema na wasomaji wetu juma hili, kwa kuwa shida yao haionekani kwa macho, na jambo lisiloonekana kwa macho huhukumiwa upesi.

MZIGO JUU YA MZIGO

Ndugu hao wamebebeshwa mizigo miwili. Wa kwanza ni ugonjwa ambao madaktari huuita maltipo sklerosisi. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo zimo nyuzi nyembamba mno za fahamu, zichukuazo amri na habari baina ya kichwa na viungo. Nyuzi hizo zimevikwa ganda la mafuta liitwalo mailini, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira. Kwa mgonjwa wa sklerosisi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikalishambulia ganda hilo. Palipoumia hubaki kovu, na habari ipitayo pale huchelewa au hupotea njiani. Ndipo mmoja huona ukungu katika jicho, mwingine hufa ganzi mguu, mwingine hupepesuka kama mlevi hali hakuonja kitu, na walio wengi huonewa na uchovu usioondolewa na usingizi. Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeueleza waziwazi ugonjwa huu mwaka 1868.

Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, yaani katika umri wa kuoa, kuzaa na kujenga nyumba, nao huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wagonjwa wake ulimwenguni wazidi 1,800,000. Wengi wapo katika nchi zilizo mbali na ikweta, kama Ulaya ya Kaskazini na Kanada. Lakini ugonjwa huu hauchagui taifa, na wagonjwa wako hata Afrika ya Mashariki. Tena hauambukizi, wala si laana ya ukoo. Hilo twaomba lishikwe na kila nyumba, ili mtu asiogope kula chungu kimoja na mgonjwa.

Mzigo wa pili ni miguu isiyotulia. Taabu hii nayo si ngeni ulimwenguni: daktari Mwingereza Thomas Willis aliiandika mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom, daktari wa Uswidi, aliieleza kwa ukamilifu mwaka 1945. Ishara zake ni nne. Kwanza, mgonjwa husikia hamu kubwa ya kuitikisa miguu, mara nyingi pamoja na hisi mbaya iliyo ndani kabisa. Wengine huifananisha na sisimizi watambaao ndani ya mifupa, wengine na maji yachemkayo, na wengine hawana la kuifananisha nalo. Pili, hamu hiyo huja au huzidi akaapo au alalapo. Tatu, hupungua ainukapo akatembea au akajinyosha, kisha hurudi atuliapo tena. Nne, huwa mbaya zaidi jioni na usiku.

Watu wengi wasio na sklerosisi hupatwa na taabu hii: waliopungukiwa na madini ya chuma mwilini, akina mama wajawazito, wenye figo mbovu. Lakini wagonjwa wa sklerosisi hupatwa nayo mara nyingi zaidi. Mwaka 2008 madaktari wa Italia walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: katika kila wagonjwa 100 wa sklerosisi, 19 walikuwa na miguu isiyotulia, katika kila watu 100 wasio na ugonjwa huo, walikuwa 4 tu. Makovu ya uti wa mgongo katika sehemu ya shingo yaonekana kuwa sababu mojawapo. Basi aliyekwisha kunyang'anywa nguvu za mchana na ugonjwa wa kwanza hunyang'anywa mapumziko ya usiku na ugonjwa wa pili, na kesho yake uchovu humrudia maradufu.

HUKUMU ZISIZO HAKI

Wahenga walisema: Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tulalao fofofo mpaka jogoo awike hatuijui adhabu hii, na kwa kutoijua twaihukumu.

Mume huamka saa nane usiku akakuta upande wa pili wa kitanda u mtupu. Mkewe yuko uani. Anakwenda, anarudi, anakwenda tena. Kama mume huyo hajui habari ya ugonjwa, moyo wake utatafuta sababu wenyewe: labda ana siri, labda amenichoka, labda akili zimemruka. Jirani achunguliaye dirishani naye huona kivuli cha mtu aendaye huku na huku gizani, na kesho yake kisimani neno la uchawi limekwisha kutajwa. Toka hapo ni hatua chache tu mpaka kwa mpiga ramli. Tunawasihi wasomaji wetu, hasa wazee wenye kusikilizwa katika vijiji, walizime neno kama hilo mara walisikiapo. Atembeaye usiku kwa sababu ya ugonjwa hamrogi mtu. Anatafuta robo saa ya usingizi.

Hukumu ya pili hutolewa asubuhi. Mgonjwa aliyepata usingizi alfajiri, wakati miguu ilipokubali kutulia, hukutwa bado amelala jua likiwa limepanda. Huitwa mvivu. Watoto husikia neno hilo, nao hulirudia. Hakuna jeraha lionekanalo, hakuna bendeji, wala homa ya kupimwa. Kwa hiyo watu hudhani hakuna ugonjwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Lakini hukumu ya tatu ndiyo kali kuliko zote, kwa kuwa mgonjwa hujitolea mwenyewe. Tangu katekisimu amefundishwa kwamba mateso hupokelewa kwa saburi, naye amefahamu kwamba saburi ni kulala tuli, meno yameumana, bila kusema neno. Hujaribu hivyo saa nzima, saa mbili. Mwisho hushindwa, huinuka, hutembea, na pengine hulia. Kisha hujiona ni Mkristu dhaifu aliyeutupa msalaba wake. Huenda akamwuliza padre kama ametenda dhambi.

SABURI NI YA MOYO

Twamjibu ndugu huyo waziwazi: hapana, hukutenda dhambi. Saburi ni fadhila ya moyo, si ya miguu. Mwenye saburi ni yule asiyekata tamaa, asiyemwasi Mungu, asiyewalipiza wa nyumbani mwake uchungu ambao si wao walioumtia. Ikiwa moyo wake umesimama hapo, miguu yake na itembee inavyohitaji. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo, kwamba kutulia huuzidisha na kwenda huupunguza. Kumwamuru mtu huyo atulie ili apone ni kama kumwamuru mwenye kiu ajizuie na maji ili kiu imwishe.

Na tumtazame Bwana wetu mwenyewe katika bustani ya Getsemani. Usiku ule hakulala tuli. Wainjili watueleza kwamba alikwenda mbele kidogo akasali, akarudi kwa rafiki zake, akaenda tena, akarudi tena, hata mara tatu. Hakuficha huzuni yake, bali aliwaambia. Aliomba kikombe kimwondokee, na pamoja na hayo aliyapokea mapenzi ya Baba. Hakuna Mkristu athubutuye kusema kwamba Bwana alikosa saburi usiku ule. Basi mgonjwa aendaye na kurudi uani gizani asijione yuko mbali na Mwalimu wake. Yuko karibu naye kuliko sisi tuliolala.

Naye Ayubu, ambaye jina lake twalitumia kila siku tusemapo habari za uvumilivu, hakunyamaza. Alilalamika mno juu ya urefu wa usiku na kugeukageuka kitandani mpaka kupambazuka. Rafiki zake ndio waliokaa wakimweleza sababu za mateso yake na kumtafutia kosa. Mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao kwa maneno yao. Mkristu aendaye kumwangalia mgonjwa na alikumbuke jambo hilo kabla hajafungua kinywa.

Yupo pia Mtakatifu Lidwina wa Schiedam, katika nchi ya Uholanzi. Alizaliwa mwaka 1380. Akiwa msichana wa miaka 15 alianguka juu ya barafu akavunjika ubavu, na tangu hapo hakupata afya tena mpaka alipokufa mwaka 1433. Walioandika habari zake husimulia kwamba miguu yake ilidhoofu, kwamba mwanga uliyaumiza macho yake, na kwamba usingizi ulimkimbia. Mwaka 1979 daktari mmoja wa Ulaya, alipokwisha kuyachungua maandiko hayo ya kale, aliona kwamba huenda ugonjwa wake ulikuwa sklerosisi hii hii. Hakuna awezaye kuthibitisha jambo la miaka 600 iliyopita. Lakini latufaa kwa neno moja. Twasoma kwamba Lidwina naye miaka ya kwanza alilia na kuisikitikia hali yake, na kwamba padre aliyekuwa akimjia alimsaidia polepole kuipokea. Hakuamka asubuhi moja akawa mtakatifu. Mwaka 1890 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alithibitisha heshima apewayo na Kanisa, na hata leo wagonjwa wa siku nyingi humwita awaombee.

Wako watakaotuuliza: Je, si vema zaidi kumtolea Mungu mateso yetu kuliko kukimbilia dawa? Twajibu kwamba mambo hayo mawili hayapingani. Yale yasiyoondoka baada ya kufanya yatupasayo, hayo ndiyo ya kumtolea Mungu, nayo yatabaki ya kutosha. Lakini kuacha kutibu kitu kitibikacho, kisha kukiita sadaka, ni kuudharau mwili ambao Mungu ameutukabidhi. Kama Kanisa lingefikiri kwamba maumivu yaachwe yalivyo, lisingejenga zahanati hata moja.

YAMPASAYO MGONJWA

Basi yampasa mgonjwa kufanya nini? Jambo la kwanza ni kumweleza daktari wazi, na kueleza kwa taratibu. Wengi husema tu kwamba miguu yaniuma, na daktari hawezi kujua ni kuuma kwa namna gani. Mgonjwa wa sklerosisi hupatwa pia na mikakamao: misuli hukaza yenyewe, mguu hunyooka kama gogo au hukunjika, wala kutembea hakuuondoi mkakamao huo mara moja. Huo ni ugonjwa mwingine wenye dawa nyingine. Kwa hiyo yafaa kuandika katika daftari kwa majuma mawili: taabu huanza saa ngapi, huwaje, hupungua kwa kitu gani, na ni dawa zipi zilizotumiwa siku ile. Augustus d'Este, mjukuu wa mfalme wa Uingereza aliyekufa mwaka 1848, aliandika habari za ugonjwa wake tangu mwaka 1822, na kwa daftari lake madaktari wa baadaye walitambua kwamba alikuwa na sklerosisi. Naye alikuwa mgonjwa tu mwenye kalamu.

Jambo la pili ni kupimwa madini ya chuma. Upungufu wa chuma ni sababu kubwa ya miguu isiyotulia, na katika nchi zetu upungufu huo ni wa kawaida kwa ajili ya malaria, safura, uzazi wa karibu karibu na chakula hafifu. Damu yaweza kuonekana ya kutosha na hali akiba ya chuma imepungua. Kwa hiyo daktari akiweza apime akiba yenyewe, iitwayo feritini. Kwa mgonjwa wa miguu isiyotulia madaktari hutaka kipimo hicho kivuke 75, ijapokuwa kwa mtu mwingine kiasi cha chini kingetosha. Lakini mtu asinunue vidonge vya chuma kwa kukisia, maana chuma kikizidi mwilini hudhuru.

Jambo la tatu ni kuchungua dawa zinazotumiwa. Ziko dawa zinazoiamsha miguu: baadhi ya dawa za mafua na mzio ziletazo usingizi, baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, na baadhi ya dawa za kuondoa huzuni kuu. Mtu asiyepata usingizi hushawishika kununua dukani kidonge cha mafua ili kimlaze, naye hukesha zaidi. Hata hivyo asiache dawa aliyopewa na daktari kabla ya kumwuliza. Kahawa na chai kali za jioni, pombe na sigara navyo huwasumbua wengi. Atakayeviacha kwa mwezi mmoja ataona mwenyewe tofauti kama ipo.

Jambo la nne ni dawa za ugonjwa wenyewe. Zamani wengi walipewa kwanza dawa zinazoiga dopamini, ile kemikali ya ubongo iongozayo mwendo wa viungo. Zilisaidia sana mwanzoni. Lakini baada ya miezi au miaka wengine waliona taabu inaanza mapema zaidi mchana, inakuwa kali zaidi, na kupanda hata mikononi. Kwa ajili hiyo mwongozo uliotolewa mwaka 2025 na chuo cha madaktari wa usingizi cha Marekani washauri dawa hizo zisiwe za kawaida tena, na kwamba yafaa zaidi kutumia chuma kwa anayekihitaji, na dawa kama gabapentini na pregabalini. Nazo zina hatari yake: huleta kizunguzungu na usingizi mzito, na mgonjwa wa sklerosisi ambaye miguu yake ni dhaifu aweza kuanguka. Daktari ndiye apimaye mambo hayo, si rafiki, wala muuza duka.

Mengine yamo katika mikono yetu. Kabla ya kulala, kutembea kidogo, kuinyosha misuli ya mapaja na ya miguu, na kukandwa kwa mkono husaidia. Maji ya vuguvugu yawafaa wengine, maji baridi wengine. Lakini hapa mgonjwa wa sklerosisi awe na hadhari mbili. Joto jingi huzidisha udhaifu wake kwa muda, hata macho yakaona ukungu. Tena mguu uliokufa ganzi hausikii maji yanayounguza. Basi maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwenye afya. Akili nayo ipewe kazi: mgonjwa aketipo bila shughuli taabu huzidi, bali akisuka mkeka, akishona, akisoma au akisali rozari kwa kufuata mafumbo yake, mara nyingi husahau kwa kitambo. Na saa ya kulala iwe ile ile kila siku, kadiri iwezekanavyo.

YAWAPASAYO WA NYUMBANI

Sasa twawaelekea waume, wake, watoto na wakwe. Kazi yenu ya kwanza ni kuamini. Mgonjwa asemapo kwamba ndani ya miguu yake kuna kitu asichoweza kukieleza, msitafute jeraha. Neno moja la kuaminiwa laweza kumpa nguvu kuliko ushauri wa saa nzima.

Kazi ya pili ni kuuandaa usiku. Mtu mwenye miguu dhaifu atembeaye gizani yuko katika hatari ya kuanguka, na kuvunjika mfupa ni msiba mwingine juu ya misiba. Basi taa au tochi iwe karibu na kitanda. Njia ya kwenda mlangoni na uani isiwe na stuli, ndoo, jembe wala mtoto aliyelazwa sakafuni. Fimbo yake iwe mahali pamoja daima. Kama nyumba yaruhusu, kamba imara au mti ufungwe ukutani apate kushika. Hayo hayagharimu fedha nyingi. Yahitaji mtu wa kuyakumbuka kila jioni.

Wako pia wasioweza kuinuka kabisa. Ugonjwa umekwisha kuwafunga kitandani, na bado hamu ile ya kwenda huwajia usiku, wala hawawezi kuitii. Tufikiri maana yake! Hao hawana msaada ila mikono ya wengine: kuwakunja na kuwanyosha magoti polepole, kuwakanda, kuwaketisha, kuwageuza. Katika Injili ya Yohana twasoma habari za mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38 kando ya birika la Bethesda. Bwana alipomwuliza, hakuanza kwa kutaja ugonjwa wake. Alisema hana mtu wa kumtia majini. Katika nyumba ya Kikristu pasiwe na mgonjwa awezaye kusema hivyo.

Wala mzigo huu usiachwe kwa mmoja. Mara nyingi huwekwa juu ya mke, au juu ya binti wa kwanza, mpaka naye augue. Mume asione haya kuukanda mguu wa mkewe. Aliapa mbele ya altare kumtunza katika ugonjwa kama katika afya. Vijana wakubwa wapewe zamu zao. Na ikiwa mume na mke wataona vema kulala vitanda mbalimbali ili mmoja wao apate nguvu za kazi, wafanye hivyo kwa mapatano na upendo, wala watu wa nje wasiligeuze kuwa neno. Jambo la kuogopwa ni kununiana, si kutenganisha vitanda.

Asubuhi aachwe alale. Kazi zake zipangwe katika saa zile anapokuwa na nguvu, na zile zinazoweza kungoja zingoje. Mama asiyeweza tena kulima aweza bado kufundisha watoto kusoma, kutunza hesabu ya nyumba, kuamua mashauri. Kumnyima kila kazi ni kumwambia kwamba amekwisha kufa.

NASI SOTE KANISANI

Wakristu wenzetu nao wana sehemu yao. Mgonjwa wa miguu isiyotulia apata taabu kubwa mahali palipobanana, na kanisani ni mahali pamojawapo. Akiinuka katikati ya mahubiri akasimama nyuma, asitazamwe kwa jicho kali. Na mapadre wenzetu waweza kumsaidia zaidi kwa kuyafupisha mahubiri. Apewe nafasi mwisho wa benchi, karibu na njia. Katika basi naye aachiwe kiti cha pembeni, na dereva akubali kusimama kidogo katika safari ndefu.

Mgonjwa asiyeweza kufika Misa ya Dominika hana dhambi. Wagonjwa na wale wawatunzao wanaruhusiwa kupokea Komunyo hata kama hawakutimiza saa moja ya kufunga. Mpako wa Wagonjwa si wa saa ya kufa peke yake. Aliye katika ugonjwa mzito wa siku nyingi aweza kuuomba, na kuupokea tena hali yake ikizidi kuwa mbaya. Twataja mambo haya kwa kuwa twaona wengi huyaonea haya, wakangoja mpaka mwisho. Kila tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Ni siku njema. Lakini mgonjwa huugua siku zote za mwaka. Jumuiya iliyo na mgonjwa kama huyu na ijiulize: ni nani atakayeketi naye jioni ya Jumanne ili mkewe alale mapema? Ni nani atakayempeleka hospitali ya mbali, akamngoja, akamrudisha? Sala bila majibu ya maswali hayo ni nusu ya sala.

Kwa serikali na kwa wenye hospitali tuna neno moja. Mwezi wa Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa tatu za sklerosisi katika orodha yake ya dawa za lazima: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Dawa hizo haziponyi ugonjwa, lakini huzuia mashambulio mapya na kupunguza makovu. Orodha iliyoandikwa Geneva haimfikii mgonjwa wa kijijini yenyewe. Yapasa daktari wa zahanati afundishwe kuzitambua dalili mapema, na njia ya kwenda hospitali kubwa isiwe ya matajiri peke yao.

Kwenu ninyi mtakaoisoma karatasi hii usiku, kwa kuwa usingizi umekataa, twasema hivi: inukeni, mtembee, wala msione haya. Washeni taa msije mkaanguka. Mkitaka kulia, lieni. Mkitaka kusali, semeni maneno machache, maana Mungu hahesabu maneno ya mtu aliyechoka. Katika monasteri zetu watawa huamka usiku kumwomba Mungu kwa ajili ya ulimwengu uliolala. Ninyi hamkuichagua zamu hiyo, lakini mmekwisha kuamka. Neno moja la kutuombea sisi tulalao lina thamani kubwa mbele yake. Na kesho mwendeni kwa daktari na daftari lenu.

Nanyi mnaolala katika nyumba hizo, msikiapo hatua uani, msijifunike shuka kichwani. Petro na wenzake walishindwa kukesha saa moja, na Injili imelihifadhi jambo hilo mpaka leo. Amkeni hata mara moja katika juma, mkatembee naye mpaka miguu itulie.